Fiji na raga: mabingwa wa saba kila upande, vibarua wa kumi na tano

Mashabiki wa raga Kenya wanaijua timu ya Fiji kuliko wanavyoijua Fiji yenyewe. Muulize mtu yeyote aliyekuwa anakesha kuwaangalia Shujaa, timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba, atakupa habari ya Singapore Aprili 2016, vile vijana wa marehemu kocha Benjamin Ayimba walivyowatandika Fiji 30-7 kwenye fainali, taji la kwanza la Kenya kwenye ile msururu wa dunia wa wachezaji saba, watu wakalia machozi kabisa. Kinachosahaulika ni kilichofuata. Miezi minne baadaye Fiji hao hao waliopigwa wakaenda Rio, wakaingia fainali ya Olimpiki, wakaifumua Uingereza 43-7, na hiyo ikawa medali ya kwanza kabisa ya nchi yao tangu ianze kwenda Olimpiki. Tokyo wakabeba dhahabu tena, 27-12 dhidi ya New Zealand. Paris 2024 ndo Ufaransa wakawasimamisha fainali, 28-7, wakarudi na medali ya fedha.

Nchi yenyewe ina watu kama laki tisa hivi, wametawanyika kwenye visiwa, visiwa vyenyewe vinapita mia tatu na vingi havina mkazi hata mmoja. Alafu ukigeukia raga ile kubwa ya wachezaji kumi na tano, hadithi inabadilika kabisa. Kombe la Dunia wamefika robo fainali mara tatu, 1987, 2007 na 2023, na mara zote tatu safari imeishia hapo. Sasa inakuwaje mtu awe mfalme kwa saba na msindikizaji kwa kumi na tano, mpira ni ule ule, uwanja ni ule ule, na mara nyingine hata wachezaji ni wale wale?

Jibu la haraka utakalosikia ni "wana kipaji cha kuzaliwa". Mimi hilo jibu silitaki, ni la uvivu, na pia lina dharau fulani ndani yake, kama vile hao watu hawafanyi kazi, wanaamka tu asubuhi wanakimbia. Na halielezi kitu, maana kama ni kipaji tu basi kingewabeba kwenye kumi na tano pia.

Tuanze na mchezo wenyewe. Raga ya saba inachezwa kwenye uwanja mzima, mita mia kwa sabini, ule ule wa watu kumi na tano kila upande, ila umetoa zaidi ya nusu ya watu. Kwa hiyo kuna nafasi kibao. Mechi ni dakika 14 tu, saba kwa saba. Skramu, kule kusukumana kugombania mpira, ni watu watatu kwa watatu, inaisha kabla hujakaa sawa. Kinachoamua mechi ni mtu mmoja kumpita mtu mmoja, na akishakabwa aweze kuutoa mpira kwa mkono mmoja akiwa anaanguka, mwenzake aupokee akiwa kwenye mwendo. Hiyo pasi ya kutolea kwenye kukabwa ndo alama ya Fiji, makocha wa Ulaya walikuwa wanawakataza vijana wao kuijaribu kwa sababu ni hatari, ukikosea umempa mpinzani trai ya bure, yaani anaenda kuweka mpira nyuma ya mstari wako na kupata alama. Fiji wanaicheza tangu wakiwa watoto.

Na watoto wa Fiji wanaicheza wapi? Kila kijiji kina kiwanja, jioni watu wazima na watoto wanaingia pamoja, hawahesabiani, na kama hakuna mpira wanatumia chochote kinachoshikika. Mara nyingi inakuwa raga ya kugusana tu bila kuangushana, na ukiangalia vizuri utaona hiyo ni shule kamili ya saba: kukwepa, kupiga pasi haraka, kutafuta nafasi. Alafu kuna shule za sekondari na kombe lao la Deans, fainali yake inasimamisha nchi, Queen Victoria School na Ratu Kadavulevu na Marist na Suva Grammar, watu wazima wenye kazi zao na vitambi vyao bado wanabishana kuhusu fainali walizocheza wakiwa na miaka 17. Halafu kuna mashindano ya saba ya vijiji na ya klabu karibu kila wikendi, na kuna vilima vya mchanga vya Sigatoka ambapo timu ya taifa inapelekwa kupanda na kushuka mpaka watu watapike.

Ukijumlisha hivi vyote utaona kitu kimoja, ni bei rahisi. Kiwanja kipo, watu wapo, mchanga upo, jua lipo. Raga ya saba inataka vile ambavyo kijiji cha Fiji kinatoa bure.

Mfano mzuri ni hiyo timu ya Rio. Kocha wao Mwingereza Ben Ryan alifika 2013 akakuta chama cha raga hakina pesa, mwanzoni hata mshahara wake mwenyewe ulikuwa shida. Februari 2016 kimbunga Winston kikapita, kimbunga cha daraja la tano, kikaua watu 44 na kufagia vijiji vizima, na Olimpiki ilikuwa Agosti. Ryan hakwenda kuwafundisha Fiji jinsi ya kushika mpira, hilo walimzidi. Alichoongeza ni pumzi, chakula na usingizi, na kupunguza vile vikao virefu vya yaqona, kile kinywaji cha mizizi kinachosagwa na kunywewa kwa kifuu cha nazi usiku kucha watu wakipiga soga. Yaani alikuta injini iko tayari, yeye akaweka mafuta. Waliporudi na dhahabu serikali ikatangaza siku ya mapumziko, Ryan akapewa jina la kichifu na eka tatu za ardhi, na 2017 benki kuu ikatoa noti ya dola saba. Saba! Sijui nchi nyingine yenye noti ya saba.

Haya, sasa twende kwenye kumi na tano.

Hapa mambo yanageuka kwa sababu nusu ya mchezo ni kusukumana. Skramu ni watu wanane kwa wanane, kilo zaidi ya mia nane zikigongana na zingine mia nane, na wale watatu wa mbele kabisa ni mafundi, hawazaliwi hivyo, wanatengenezwa taratibu gym na kwenye mashine ya skramu kwa miaka, chini ya kocha ambaye kazi yake ni hiyo tu. Laini-auti, kule kurusha mpira uliotoka nje urudi uwanjani, ni hesabu na kukariri, nani anarukishwa, nani anamnyanyua, ishara gani. Teke za kugombania eneo nazo ni somo zima. Ongeza daktari, mtaalamu wa chakula, watu wa kuchambua video, na kubwa kuliko vyote, muda wa kukaa pamoja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kijiji kinaweza kukupa. Vinanunuliwa. Na Fiji haina pesa ya kuvinunua, lakini ina kitu ambacho wenye pesa wanakitaka, yaani wachezaji.

Hapa ndo penye fundo lenyewe.

Kijana wa Fiji mwenye mbio na kilo mia anaonekana akiwa na miaka 17 au 18. Klabu ya Clermont ya Ufaransa ilienda mbali zaidi, ikaanzisha akademi yake huko huko Nadroga, magharibi mwa kisiwa kikubwa cha Viti Levu, na kutoka huko wakatoka kina Noa Nakaitaci na Alivereti Raka, wote wawili wakaja kuichezea timu ya taifa ya Ufaransa. Kwa nini klabu ihangaike kuwachukua wakiwa wadogo? Ligi ya Ufaransa ina kanuni inayotaka klabu iwe na idadi fulani ya wachezaji waliolelewa Ufaransa. Nia ilikuwa kumlinda kijana Mfaransa asisukumwe nje na wageni. Lakini kanuni haimuulizi mtu amezaliwa wapi, inauliza amelelewa na akademi gani, kwa hiyo ukimleta Mfiji akiwa bado kijana akakaa akademi yako misimu mitatu, kwenye karatasi anahesabika amelelewa Ufaransa. Kanuni iliyowekwa kuzuia wageni ikageuka sababu ya kwenda kuwatafuta mapema zaidi. Ukiniuliza ni nani mwenye makosa hapo nitashindwa kukuonyesha kidole, kila mtu amefanya kinachomfaa.

Na siyo Ufaransa tu. Joe Rokocoko aliyezaliwa Nadi na Sitiveni Sivivatu aliyezaliwa Suva walikuwa mawinga wa kutisha wa New Zealand. Lote Tuqiri na Marika Koroibete walichezea Australia. Joe Cokanasiga wa England kazaliwa Suva, baba yake askari wa jeshi la Uingereza, na hii nayo ni njia nyingine ya zamani maana jeshi hilo lilianza kuandikisha vijana wa Fiji mwaka 1961. Kwa miaka mingi sheria ilikuwa ngumu, ukishacheza mechi moja tu ya taifa moja umefungwa hapo maisha, hata kama walikuita mara moja wakakusahau. Shirikisho la dunia, World Rugby, lilipiga kura Novemba 2021 kubadilisha, sasa ukikaa nje ya timu ya taifa miaka mitatu unaweza kuhamia nchi uliyozaliwa au ya mzazi au ya babu na bibi. Pia muda wa kukaa nchi ya kigeni mpaka uruhusiwe kuichezea ukaongezwa, kutoka miezi 36 mpaka 60. Samoa na Tonga walifaidika haraka zaidi maana wana watu wengi waliozaliwa au kukulia New Zealand na Australia, lakini Fiji pia mlango umefunguka.

Usije ukadhani hao vijana wanaibwa lakini. Ndo pale ambapo watu wengi wanaoandika kuhusu jambo hili wanateleza, wanalia "wanaporwa vipaji" kama vile mchezaji ni gunia la kopra. Mkataba wa Ulaya unajenga nyumba kijijini, unalipa karo za watoto wa dada na wa kaka, unaezeka kanisa, na mchezaji mwenyewe anajua ana miaka kumi ya mwili huo, ikizidi. Nani atamwambia abaki? Watu wa kwetu walio na ndugu Qatar au Saudia hawahitaji kuelezwa hesabu hiyo. Tatizo linakuja pale klabu inayomlipa mshahara haitaki aende kuumia kwenye mechi za taifa, na malalamiko ya muda mrefu ya wachezaji wa visiwani ni kwamba wanabanwa kimya kimya, anayesema hataki kuitwa anapata mkataba mzuri zaidi. Matokeo yake timu ya taifa ya kumi na tano ilikuwa inakusanyika wiki moja kabla ya mechi, watu kutoka nchi tano, wengine hawajawahi kupigiana pasi.

Na wakikusanyika, hela yenyewe iko wapi? Kawaida mapato ya mlangoni yanabaki kwa mwenyeji. Novemba 2016 Fiji walicheza na England pale Twickenham, uwanja wa watu 82,000, na ikaripotiwa kwamba kila mchezaji wa England analipwa karibu pauni 22,000 kwa mechi hiyo na kila Mfiji pauni 400. Hii ni miezi mitatu tu baada ya dhahabu ya Rio.

Kwa hiyo unaona, swali la "mbona saba ndiyo na kumi na tano hapana" jibu lake ni la kiuchumi zaidi kuliko la kimichezo. Na ushahidi mkubwa wa hilo ni kilichotokea walipopata tu nafasi ya kufanya kazi nyumbani.

Klabu ya Fijian Drua ilianzishwa 2017 ikawa inacheza mashindano ya ndani ya Australia, mwaka uliofuata tu ikayashinda, na 2022 ikaingizwa Super Rugby Pacific pamoja na klabu za New Zealand na Australia. Maana yake ni kwamba kwa mara ya kwanza kijana wa Fiji akaweza kulipwa mshahara wa kucheza raga akiwa anaishi Fiji, na kocha wa skramu na gym na video na vitu vyote vile nilivyotaja. Machi 2023 wakawafunga Crusaders, klabu yenye mataji mengi kuliko zote kwenye ligi hiyo, 25-24 pale Lautoka, kwenye joto ambalo wageni wanalalamikia mpaka leo (wacha walalamike, sisi tumecheza kwenye matope yao vya kutosha, ndivyo Mfiji atakavyokujibu). Agosti mwaka huo timu ya taifa ikaenda Twickenham ikaipiga England 30-22, mara ya kwanza katika historia. Mwezi mmoja baadaye, Kombe la Dunia, wakaifunga Australia 22-15, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu 1954. Wengi wa wachezaji kwenye kikosi kile walikuwa wa Drua, watu wanaojuana, wanaokaa pamoja mwaka mzima. Ni kweli wakapoteza pia kwa Ureno 24-23, Fiji ni Fiji, na robo fainali England wakalipiza 30-24 kwa shida sana. Lakini 2024 wakaifunga Wales ndani ya Cardiff na Julai 2025 wakaifunga Scotland 29-14 pale Suva. Kipaji hakikuongezeka ghafla miaka hiyo. Kilichoongezeka ni siku za mazoezi ya pamoja zinazolipwa.

Kuna upande mwingine ambao picha za shangwe hazionyeshi. Tukisema "Fiji yote inapenda raga" tunasema uongo kidogo. Kati ya 1879 na 1916 Waingereza walisafirisha Wahindi zaidi ya elfu sitini kwenda kulima miwa Fiji kwa mikataba ya kazi, kipindi ambacho ndani yake waliwaleta Wahindi wengine kujenga reli ya Mombasa. Wajukuu zao wako pale mpaka leo, kuna wakati walikuwa wengi kuliko wenyeji, sasa ni kama theluthi ya nchi, wengi wamehama hasa baada ya mapinduzi ya 1987 na 2000. Raga ilikua kama mchezo wa wenyeji, ukapita kwenye vijiji, machifu, kanisa la Kimethodisti na jeshi. Wahindi wakachukua soka. Mashindano ya soka ya wilaya yalianza 1938 na mpaka leo kwa familia nyingi za Kihindi hiyo wiki ndo sikukuu yenyewe. Roy Krishna kutoka Labasa, nahodha wa soka wa Fiji, alikuwa mchezaji bora wa ligi ya Australia 2019. Na Vijay Singh, Mhindi wa Lautoka, mwaka 2004 alimpita Tiger Woods akawa namba moja wa gofu duniani, na hakuna mtu anayeimba habari zake kama wanavyoimba za raga.

Rio hiyo hiyo ya dhahabu, timu ya soka ya Fiji nayo ilikuwepo. Walipigwa 8-0 na Korea Kusini, 5-1 na Mexico, 10-0 na Ujerumani. Goli lao la pekee alifunga Krishna, na kwa muda kidogo walikuwa wanaongoza dhidi ya Mexico, waliokuwa mabingwa watetezi. Hii ni nchi moja, michezo miwili, mwezi mmoja.

Siasa nazo hazikukaa mbali. Sitiveni Rabuka aliyefanya mapinduzi ya 1987 aliwahi kuichezea timu ya taifa ya raga. Frank Bainimarama wa mapinduzi ya 2006, akiwa waziri mkuu alikuwa pia rais wa chama cha raga. Ukishajua hivyo unaelewa kwa nini Mhindi wa Fiji anaweza kushangilia dhahabu kwa moyo wote na bado akahisi uwanja ule siyo wake sana, ingawa usiku wa fainali ya Rio walikesha wote mbele ya TV moja na hilo nalo ni kweli.

Wanawake je? Kwa muda mrefu waliambiwa wakacheze netiboli. Waliong'ang'ania raga walipata shida nyumbani na kanisani pia, raga ilionekana ya wanaume. Leo timu yao, Fijiana, ina shaba ya Tokyo, waliifunga Uingereza 21-12 wakipigania nafasi ya tatu. Drua ya wanawake iliingia ligi ya Australia 2022 ikaibeba msimu wa kwanza bila kufungwa hata mechi moja, na mwaka huo huo kwenye Kombe lao la Dunia wakaifunga Afrika Kusini 21-17. Njia ni ile ile ya wanaume, vipaji vilikuwepo vijijini muda wote, ilibaki mtu wa kulipia mazoezi tu.

Kituko kimoja nisikiache maana nakipenda. Mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa ya Fiji ilikuwa 1924, Apia, dhidi ya Samoa. Ilianza saa moja asubuhi ili Wasamoa wawahi kazini, na katikati ya uwanja kulikuwa na mti mkubwa umesimama. Fiji wakashinda 6-0.

Miaka mia imepita na suala la nani anacheza wapi na saa ngapi kwa faida ya nani bado liko mezani. Mwaka 2026 mashindano mapya ya mataifa yanaanza, Nations Championship, na Fiji wamo, wamekaa meza moja na wakubwa kwa mara ya kwanza, ratiba ya Julai inawapa mechi tatu za nyumbani dhidi ya Wales, England na Scotland. Ila hizo mechi za "nyumbani" zimepangwa kuchezwa Uingereza, kwenye viwanja vikubwa vya huko huko, ambako tiketi zinauzwa kwa pauni na viti ni vingi. Chama cha raga kinahitaji hizo hela kweli, hata za kuendeshea hao vijana wa Drua, na mtu wa Lautoka aliyekuwa anasubiri kuwaona England wakiyeyuka kwenye jua la kwao itabidi aweke kengele aamke usiku awaangalie kwenye TV.